Mgongo wa Bijou

Ukitaka kumkasirisha Mzee Néhémie Wilondja pale mjini Baraka, kando ya ziwa, pita karibu na ng'ombe wake, mtazame ubavuni, kisha useme, "Ayii, huyu kashiba!" Atakukazia macho kana kwamba umemkanyagia unga wake ulioanikwa juani.

"Tumbo iko na uongo," atakwambia. "Ngombe anaweza kujaza tumbo majani makavu asubuhi mpaka jioni, na kifo iko inamungojea. Mimi ninaangaliaka mugongo."

Halafu atakugeuzia mgongo wake mwenyewe aendelee na kazi yake. Ndivyo alivyo. Maneno hana mengi, na hayo machache aliyo nayo hayapambi.

Nawaambia mapema, msije mkanilaumu baadaye: hii si hadithi ya kuchekesha. Lakini kuna mahali mtacheka kidogo, maana habari za ng'ombe haziendi mbali bila mavi.

Mzee Néhémie alichunga ng'ombe za watu kule juu milimani tangu alipoota ndevu. Kule majani yalikuwa mafupi na laini, na mchungaji alijua bonde gani la mwezi gani. Siku bunduki zilipoanza kulia kule, ng'ombe walikimbilia upande mmoja na wachungaji upande mwingine, na hawakuonana tena. Akateremka ziwani na mkewe Anastasie na binti yao mmoja, Ketsia. Anastasie alifariki Baraka, kwa homa. Mzee akabaki na binti, akalima muhogo wake kidogo, akasahau harufu ya ng'ombe. Au tuseme alijilazimisha kusahau.

Kisha Ketsia akaposwa. Kijana anaitwa Eddy, mtu wa Lulimba, kule ndani kwenye dhahabu, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji. Watu wa ukoo wake wakaleta mali, ndiyo mahari kwa lugha ya huku: vitenge, mbuzi, na mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Mbuzi waliliwa siku ya sherehe, kila mtu akalamba vidole. Mtamba akabaki. Ketsia mwenyewe ndiye aliyempa jina kabla ya kuondoka kwa mumewe. Akamwita Bijou, yaani kito, na baba yake akacheka mpaka akatokwa machozi, kwa sababu ni miaka mingi alikuwa hajashika kamba ya ng'ombe.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndoa ilipotimiza mwaka na kitu, Ketsia aliteremka Baraka na moto, ndiyo pikipiki, begi mapajani, akamwambia baba yake, "Baba, mi siwezi tena kukaa kule."

Mzee akamtazama. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mikono ilikuwa ya mviringo. Amejitanda kitenge kizuri mabegani. Na yeye mwenyewe Mzee alikuwa amewahi kufika Lulimba, akaona nyumba ya mabati, akaona sufuria ya nyama mekoni, akala mpaka akafungua mkanda.

"Umenenepa, mutoto wangu," akasema. "Kule unakula. Mwanamuke anayeshiba hakimbiake nyumba yake. Rudia kwa bwana yako, mambo ya ndani yanatengenezwa ndani."

Ketsia hakubishana. Alilala siku mbili, akarudi alikotoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Mzee Néhémie hakuulizia kunguni.

Mara ya pili alikuja bila begi. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zinaishia. Alikuwa ametembea sehemu ya njia kwa miguu, na viatu alivishika mkononi. Akakaa kwenye kizingiti, akasema neno moja tu: "Baba, ukinirudisha, utanizika."

Mzee hakumrudisha. Hakuuliza kulikoni, maana kwetu baba hamwulizi binti mambo ya chumbani, ila alituma habari kwa wakwe. Akaja mzee wa ukoo, Patrice, baba mdogo wa Eddy, mtu mwenye sauti ya taratibu na macho ya haraka. Alikuwa anajua ng'ombe, huyo. Alizunguka nyuma ya nyumba kwanza, akamwona Bijou, ndipo akakaa.

"Mukwe," akasema, "kama mutoto hataki, hatutamufunga kamba. Lakini desturi unaijua. Mwanamuke akitoka, mali inarudi. Mbuzi tulikula pamoja, hatutaki kusema habari yake. Tunaomba ngombe. Na ngombe arudi na mwili kama alivyokuja. Hatupokee mifupa. Akiwa mifupa, basi ndoa ingali inasimama, na Ketsia atarudia kwa bwana yake mpaka mutafute ngombe mwengine."

"Mutakuja lini?" Mzee akauliza.

"Mwezi wa tisa. Mbele ya mvua."

Ee, mnauona ujanja? Mwezi wa tano ng'ombe yeyote ana mwili. Mwezi wa tisa, kiangazi kimekwisha kunyonya ardhi yote, hata mbuzi wanatafuna makaratasi. Patrice alijua. Mzee Néhémie naye alijua kwamba Patrice anajua. Lakini desturi ni desturi, na ng'ombe mwingine hakuwa naye wala hakuwa na mahali pa kumpata. Akakubali.

Kwa hiyo uhuru wa Ketsia ulifungwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, una miguu minne na unapunga mkia.

Zamani angempandisha Bijou milimani wakafuate majani. Sasa juu hakupandiki. Na chini huku huwezi kumwacha ng'ombe azurure, kila mahali ni muhogo wa mtu, na ng'ombe akila shina moja la muhogo wa jirani mtagombana mpaka kwa chifu. Basi ilibidi chakula kimfuate Bijou alipo. Kila asubuhi baba na binti walikwenda upande wa mto Mutambala kukata matete, wakarudi na mizigo kichwani. Ketsia alikata kwa nguvu za ajabu. Jua liwe kali namna gani, kitenge chake hakikutoka mabegani. Mzee alidhani ni haya ya mwanamke aliyekwisha kuolewa.

Mwezi wa sita ukapita, ukaingia wa saba. Bijou alikula matete mpaka ubavu wa kushoto ukatuna. Ketsia akafurahi.

"Baba, angalia! Kashiba mpaka hawezi kulala."

Mzee akamshika mkono, akampeleka nyuma ya ng'ombe, akamwonyesha mavi. Ndiyo, mavi. Yalikuwa makavu, yamejipanga juu kwa juu, magumu.

"Mavi haidanganyake," akasema. "Ngombe mwenye kula muzuri anaangusha kitu laini, inatambaa kidogo chini. Hii ni mavi ya ngombe mwenye njaa. Haya matete imezeeka, imekuwa miti. Inajaza tumbo tu. Leta mukono."

Akauweka mkono wa binti juu ya uti wa mgongo wa Bijou, karibu na mkia. Mifupa ilikuwa imeanza kuchongoka.

"Unasikia? Hapa ndipo ngombe anasema kweli. Matete ni ya tumbo. Mugongo iko na chakula yake."

Ketsia aliacha mkono wake pale kwa muda mrefu. 

Tangu siku ile wakabadilisha kazi. Matete yaliyozeeka waliyafyeka yakabaki usawa wa goti, na baada ya muda yakachipua machanga, kwa sababu ukingoni mwa mto unyevu haukauki. Hayo machanga ndiyo waliyokata. Wakaomba marando, yale majani ya viazi vitamu, kwa watu wenye bustani bondeni. Wakakusanya maganda ya muhogo, wakayaanika juani mpaka yakakauka kabisa, maana ganda bichi la muhogo mchungu linaweza kumwua ng'ombe amesimama. Na pumba za mpunga waliletewa na jirani, Mama Samira, ndiye Latifa mke wa Mahmudu mwenye mitumbwi. Latifa ana mashini ya kukoboa mpunga, na ana ulimi.

"Baba Ketsia," alikuwa akisema akitua gunia, "wewe ng'ombe yako inakula vizuri kupita bwana yangu."

"Mahmudu naye umuwekee chumvi kidogo kwenye pumba," Mzee alijibu, "atapenda."

Basi wakacheka. Nimewaambia mtacheka kidogo. Ndiyo hapo.

Polepole mgongo wa Bijou ukaanza kufunikwa. Mavi yakalainika. Mzee alikuwa akiamka, kabla hajanawa uso, anakwenda kuyatazama, kisha anarudi ndani na uso mwingine. Lakini mwezi wa nane ulikuwa unakimbia, na Ketsia aliona mwili hauji haraka. Alikuwa halali vizuri. Kila pikipiki iliyosimama barabarani ilimshtua.

Asubuhi moja Mzee alikwenda kanisani, kuna mtu alikuwa amefiwa. Ketsia akaenda bondeni peke yake. Mwanamke mmoja alikuwa anang'oa maharage yake machanga yaliyoliwa na wadudu, akamwambia abebe yote akitaka. Yalikuwa mabichi, laini, yana umande bado. Ketsia akafikiri: kama kidogo kinajenga mgongo, kingi kitajenga haraka. Akambebea Bijou mzigo wote, akamwagia mbele. Bijou hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

Mzee aliporudi alimkuta Bijou amepanua miguu, ulimi nje, anakoroma. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda juu kupita uti wa mgongo, ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma. Majani yale yalikuwa yameumuka tumboni kama pombe.

"Umemupatia nini?" akapiga kelele. "Ketsia! Umemupatia nini?"

"Maharage... Baba, nilitaka tu..."

Hasira zilimpanda. Miezi yote ile, jasho lote lile, na yule mtoto mwenyewe! Akainua mkono. Siwezi kuwaambia kama alitaka kumpiga au alitaka kuonyesha kamba, yeye mwenyewe hajui. Aliinua mkono tu.

Ketsia alianguka chini kabla mkono haujashuka. Alijikunja, magoti kifuani, viganja vyote viwili nyuma ya shingo, mgongo juu. Hakulia, hakuomba. Alijipanga tu haraka haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Halafu akangoja.

Mzee Néhémie alibaki mkono hewani. Binti yake hakujifunza hivyo nyumbani mwake. Anastasie hakuwahi kujikunja hivyo. Alijua, pale pale, bila kuambiwa na mtu, na ile sufuria ya nyama ya Lulimba ikamrudia kooni.

Bijou akakoroma tena. Hapakuwa na wakati wa kulia.

"Simama, mama," akasema Mzee, na sauti ilikuwa imekwisha. "Simama. Kimbia kwa Mama Samira, aniletee mawese. Chupa nzima."

Latifa alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani, chupa ya mawese mkononi. Wakayapasha moto yakayeyuka, wakangoja yapoe kidogo. Mzee akamshika Bijou taya, akamnywesha kwa pembe ya mdomo, taratibu asije akapaliwa. Akamfungia kijiti mdomoni apate kutafunatafuna. Kisha wakamtembeza, Mzee mbele na kamba, Ketsia nyuma anasukuma, Latifa pembeni anasoma dua zake kwa sauti. Walizunguka uwanja mpaka watoto wote wa kartye, yaani mtaa, wakawa wamejipanga kutazama. Mwishowe Bijou akasimama, akanyoosha shingo, akacheua mcheuo mmoja mrefu wenye kunuka ambao sijui niufananishe na nini. Latifa akapiga kigelegele. Ketsia akakaa chini vumbini, akalia.

Mzee alitaka kumwendea. Hakujua aanzie wapi. Akaenda kumfunga ng'ombe.

Tangu siku ile hakupaza tena sauti ndani ya ile nyumba. Alimfundisha Ketsia kwa upole: majani mabichi ya maharage uyaanike kwanza yanyauke, utoe kidogo, umtangulizie matete. Lakini lile jambo jingine hawakulisema. Lilikaa kati yao wakati wa kukata majani na wakati wa kula. Mara nyingi alifungua mdomo, kisha akauliza habari ya pumba.

Mwezi wa tisa Patrice akaja na wazee wawili. Eddy hakuja. Mzee alikuwa amemwita pasta wake na Latifa wawe mashahidi. Patrice hata kiti hakukitaka, alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, na ninawaambia, alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kuona mifupa.

Bijou alikuwa amesimama anatafuna, manyoya yanang'aa.  Patrice akaweka kiganja mabegani kwa ng'ombe, akakipitisha polepole juu ya uti wa mgongo mpaka kiunoni, akabonyeza pale karibu na mkia, akarudia upande wa pili.

"Iko na mwili," akasema. Ilimtoka kwa shida.

Wakaenda kukaa. Wakapewa maji. Ketsia alikaa kwenye mkeka karibu na Latifa, kitenge chake mabegani. Patrice akasafisha koo.

"Ngombe tumeona. Lakini mbele ya kushika kamba, nina neno. Pasta, umwangalie huyu mutoto. Alikuja kwetu mwembamba. Angalia mashavu. Kwetu alikula nyama, alikula mucele, hakulala njaa hata siku moja. Tulimushibisha! Sasa bantu ba Lulimba banauliza, mutu mwenye kushiba hivi anakimbia nini? Baba yake mwenyewe mara ya kwanza alimurudisha. Aliona hakuna kitu."

Pasta akatazama chini. Mzee Néhémie alihisi yale maneno yakimwingia moja moja, kwa sababu yalikuwa ya kwake. Akasimama. 

"Mukwe," akasema, "pale nyuma, ulishika nini ya kwanza? Tumbo ao mugongo?"

Patrice akakunja uso. "Mugongo. Mwenye kujua ngombe anashika mugongo."

"Ni kweli. Mimi pia niko najua ngombe. Mutoto wangu alikuja hapa, mimi nikamwangalia tumbo."

Hakuwa na zaidi ya hilo. Alitaka kukaa. Lakini Ketsia alikuwa ameinuka. Hakumtazama mtu. Akaupa ule mkutano kisogo, akakilegeza kitenge kikashuka mpaka kiunoni. Blauzi aliyovaa ilikuwa imeachwa wazi mgongoni. Tangu shingoni mpaka ilipoanzia nguo palikuwa na alama za mkanda, nyingine zimekuwa nyeusi, nyingine nyororo na zinang'aa, na moja pana karibu na bega ambayo haikuwa ya mkanda.

"Astaghfirullah," akasema Latifa.

Wale wazee wawili waligeuza nyuso. Patrice peke yake alitazama. Kiganja kile kilichopita juu ya mgongo wa ng'ombe alikuwa amekiweka gotini, na kilikuwa kinajifuta pale gotini, kinajifuta.

"Mumufunike mutoto," akasema mwishowe. Na baadaye kidogo, "Mali imerudi. Maneno imeisha. Pasta, wewe ni shahidi."

Bijou alikataa kuondoka. Alivuta kamba kurudi kwenye marando yake, na ilibidi Mzee amtangulie na fungu mkononi mpaka barabarani. Pale akampa Patrice lile fungu lililobaki. "Usimupatie yote mara moja," akamwambia. Patrice akaitikia kwa kichwa. Ng'ombe mwekundu akapotea na wenyewe kwenye vumbi la njia ya Fizi, wanakopitia kwenda Lulimba.

Mchana Ketsia akasonga bukari, ule ugali wa muhogo, akaweka na sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kwao, kama kwa wengi, sahani ya mboga inakaa upande wa baba, wengine wanachovya. Mzee alinawa mikono. Kisha akaisukuma ile sahani yote mpaka mbele ya binti yake.

"Baba, na wewe?"

"Bukari ni ya tumbo," akasema. "Hii ndiyo ya mugongo."  "Unisamehe, mama. Mi nilikuwa muchungaji, na sikukushika mugongo."

 Ketsia akachukua ndagala, nusu akairudisha upande wa baba yake, nusu akaacha. Mle ndani kulikuwa na joto. Akavua kitenge mabegani, akakitundika kwenye kiti, akaanza kula.